Mwana na Kazi ya Babaye



Barua tuletewazo katika ukurasa huu huwa za mambo mbalimbali, ila kuna lalamiko moja lisilokoma, na ingawa mikono iliyoliandika ni mingi, maneno yake ni mamoja. Baba huyu ana duka la nguo, yule ana karakana ya useremala, wa tatu ana chombo na nyavu. Kila mmoja asema: “Nimeishughulikia kazi hii miaka thelathini, nimewalisha na kuwasomesha kwayo, na leo hapana hata mmoja aitakaye. Mkubwa yuko Doha, wa pili aendesha pikipiki, na mdogo wao macho yake hayatoki kwenye simu. Nikifa, mlango huu nani ataufungua?” Kisha hutuomba tuwaandikie vijana maneno makali na kuwakumbusha haki za wazazi.

Haki za wazazi twazijua, na tumeziandika hapa zaidi ya mara moja, wala hatutaki kuzipunguza hata kwa kiasi cha punje. Lakini leo wazee watuwie radhi, kwani tumeona heri tuanze nao wao kabla ya kuwageukia vijana.

Lisemwalo sana ni kwamba vijana wa leo ni wavivu. Nasi twauliza: huyo aliye Doha, afanya kazi gani huko? Aghalabu ni mlinzi wa jengo, au dereva, au mpanga bidhaa katika duka la mtu mwingine. Huamka kabla ya alfajiri, husimama mlangoni saa kumi na mbili katika joto ambalo sisi wa pwani hatulijui, hulala chumba kimoja na watu sita, na mshahara wake huugawa nusu kwa nusu, nusu moja akaileta nyumbani. Kijana huyo huyo ndiye aliyekuwa akiamshwa mara tatu kwenda kufungua duka la babaye saa mbili asubuhi. Mtu hawi mvivu kwao akawa hodari ugenini. Basi si uvivu. Kuna kitu akipatacho kule ambacho hapa alikikosa, na yatupasa tukijue ni kitu gani.

Wala si wingi wa fedha peke yake. Tumewauliza vijana wenyewe, wale tuliowasomesha juzuu wakiwa wadogo na leo wana ndevu, walipokuja likizo wakapita kutuamkia. Mmoja wao, ambaye babaye ana duka kubwa kuliko maduka mengi ya mtaa wake, alitujibu: “Maalim, mimi sikuikimbia kazi. Nilikimbia kuitwa mtoto.” Alipoondoka alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, ana mke na watoto wawili, na kila alipotaka fedha ya maziwa ilimbidi kwenda kusimama mbele ya meza ya babaye kama aombaye. Huko aliko mshahara wake si mkubwa, lakini aujua ni kiasi gani na waingia tarehe gani.

Wazee na walipime jambo hili. Mtoto amefanya kazi dukani tangu yu na miaka minane. Amefagia, amebeba mizigo, amepima sukari, ametumwa bandarini, amekaa dukani siku ya mpira wenziwe wakienda uwanjani. Akiuliza ujira wake huambiwa: “Mali hii yote si yenu?” Neno hili ni tamu, na baba alisemapo hakusudii uongo. Lakini mali ambayo mtu haijui hesabu yake, hana ruhusa ya kuitia mkono, wala hana shauri katika kununua na kuuza kwake, ni yake kwa namna gani? Daftari li ndani ya sanduku, na ufunguo u katika mfuko wa baba. Mwana ajua bei ya kila kitu kilicho rafuni, ila hajui kama duka lapata faida au hasara. Na kwa kuwa babaye kila usiku arudipo nyumbani hulalamikia kodi, na wadaiwa wasiolipa, na bidhaa zilizopanda bei, yeye huona kwamba kazi hii ni adhabu. Siku njema za duka, zilizojenga nyumba na kuwapeleka wazee Hija, hazikutajwa mbele yake. Baba amemwonyesha mwanawe machungu ya kazi kwa miaka ishirini, utamu wake akaufungia sandukuni. Kisha hushangaa mwana alipoikataa.

Wako wazee wajibuo kwa hadithi mashuhuri iliyomo katika Ibn Majah, ambayo Mtume (S.A.W.) alimweleza mtu mmoja ya kwamba yeye na mali yake ni vya babaye. Husema: basi ujira wa nini? Hadithi twaikubali, lakini jamhuri ya wanavyuoni hawakuifahamu hivyo. Wao wamesema maana yake ni wema na kumtunza mzazi, na ya kwamba baba mwenye haja ana haki ya kula katika mali ya mwanawe. Si kwamba mwana hamiliki kitu. Na dalili yao ni nyepesi hata mtoto wa chuoni aifahamu: katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 11, Mwenyezi Mungu amempa baba sudusi, yaani sehemu moja katika sita, mwanawe afapo naye ameacha watoto. Lau mali yote ya mwana ingekuwa ya baba, angerithije sudusi ya kitu kilicho chake?

Sasa tutazame sheria yetu yasemaje juu ya kumkabidhi kijana mali. Wengi hudhani fikihi ina mlango wa kugawa mali ya maiti tu. Katika sura hiyo hiyo ya An-Nisaa, aya ya 6, kuna amri juu ya mayatima: wajaribiwe hata wafikapo umri wa kuoa, na ukionekana kwao uwongofu wa kutunza mali wapewe mali zao, na washuhudizwe mashahidi. Tazameni mpango wake: kujaribu, kisha kuangalia, kisha kukabidhi, kisha kushuhudiza. Ikiwa yatima, ambaye mali ni yake kwa haki, hakabidhiwi ila baada ya kujaribiwa, basi mwana ambaye babaye yu hai wa kumwongoza ana nafasi bora zaidi ya kujaribiwa, tena mapema.

Na namna ya kujaribu haikuachwa hivi hivi. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ameieleza katika Minhaj, kitabu ambacho masheikh wa pwani yetu wamekisomesha vizazi kwa vizazi. Aeleza ya kwamba jaribio hubadilika kwa kadiri ya watu: mwana wa mfanyi biashara hujaribiwa kwa kununua na kuuza na kuvutana bei, mwana wa mkulima kwa kulima na kwa kuwalipa wafanyi kazi wa shamba, mwana wa fundi kwa mambo ya ufundi wake, na mwanamke kwa mambo ya kusokota na pamba, na kuhifadhi chakula kisiliwe na paka. (Paka huyu huwachekesha wanafunzi kila mwaka tufikapo hapo, nasi huwaacha wacheke.) Wala jaribio moja halitoshi, hapana budi likaririwe mara mbili au zaidi, hata ipatikane dhana yenye nguvu kwamba kijana amekomaa.

Zaidi ya hayo, jaribio hilo, kwa kauli yenye nguvu, huwa kabla ya kubaleghe. Mtoto hupewa fedha akaenda sokoni akavutana bei na muuzaji. Ufikapo wakati wa kufunga bei, walii wake ndiye afungaye, kwa kuwa akidi ya mtoto haisihi. Twapenda sana wazee waiangalie hekima hii. Mtoto hakuachiwa mali akaipoteza, wala hakufungiwa nje. Amewekwa pale pale penye kazi, ulimi wake ndio usemao, na nyuma yake yuko mkubwa. Kosa likitokea, latokea katika shilingi mia, si katika shilingi laki. Kitabu hiki chasomwa kwa zaidi ya miaka mia saba, na bado tunaye mzee wa miaka sabini ambaye hajapata kumwachia mwanawe wa miaka arubaini kununua gunia moja la mchele bila yeye.

Mafundi wa vyombo wameifuata njia hii bila ya kuisoma kitabuni. Nenda Matondoni katika kisiwa cha Lamu, au Nungwi katika ncha ya kaskazini ya Unguja, vijiji vinavyojulikana kwa kuunda majahazi na mashua. Fundi wa jadi haundi kwa mchoro. Kipimo ki katika jicho na mkono wake. Basi elimu hii haina chuo ila kukaa na mwenyewe. Mtoto huanza kwa kuokota vibanzi na kushikilia ubao usicheze. Kisha hupewa keekee kutoboa matundu ya misumari. Kisha hutiwa katika kalafati, kazi ya kushindilia pamba baina ya mbao, na hapa ndipo fundi amjuapo kijana, kwa sababu kalafati mbaya haionekani nchi kavu. Huonekana baharini, nao watu wamo chomboni. Baadaye ndipo ashikapo tezo, na mwisho kabisa ndipo aachiwapo kulaza mkuku na kusimamisha mataruma ya mashua kwa shauri lake mwenyewe.

Aliyeachiwa kuunda chombo kimoja, watu wakakipanda kikaenda na kurudi salama, ni vigumu kumtoa katika kazi ile. Aliyekaa miaka kumi akiwashikia wenziwe mbao, mtu akimwambia kuna kazi ya ulinzi Mombasa ataondoka siku ile ile.

Sifa ya kazi nayo ina nguvu yake, lakini si kwa kadiri wadhanivyo watu. Mji Mkongwe wa Unguja uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001. Tangu hapo tumesikia hotuba nyingi za kusifu milango ya nakshi na majahazi, na twashukuru. Walakini kijana hatachonga mlango kwa kuwa mgeni ameupiga picha. Atauchonga ikiwa umenunuliwa, na fedha iliyoingia ameiona ikihesabiwa, naye akapewa sehemu yake.

Na tuseme kweli kwa upande wa pili: ziko kazi ambazo mwana akiziacha hana lawama. Wakata boriti za mikoko wa Lamu walikuwa na soko kubwa Uarabuni na katika nchi za Ghuba, ambako majahazi yalizipeleka kwa upepo wa kusi. Mwaka 1982 Serikali ya Kenya ilizuia boriti zisiuzwe nje ya nchi, na soko lile likafungwa. Kumlazimisha mwana asimame mbele ya mlango uliofungwa ni kumdhulumu. Hapo baba na ampe mwanawe kile kilicho ndani ya kazi, nacho ni kuijua bahari, kutimiza ahadi na kuongoza watu, kisha amwache akatafute mlango mwingine kwa dua na radhi.

Kuna jambo ambalo wazee huliona dogo nalo ni kubwa, nalo ni kuuliza. Nabii Ibrahim (A.S.) alipoamriwa kuijenga Al-Kaaba alikuwa ni baba, tena ni Mtume, na angaliweza kumwamrisha mwanawe bila neno la pili. Lakini katika hadithi aliyoipokea Bukhari kwa Ibn Abbas, alimwendea Ismail akamkuta akichonga mishale yake chini ya mti karibu na Zamzam. Akamwarifu ya kwamba ameamriwa jambo, kisha akamwuliza kama atamsaidia. Ismail akakubali. Ndipo walipoanza, mwana akileta mawe na baba akijenga. Kazi kubwa kama hiyo ilianza kwa swali. Ni wazee wangapi wa mtaani waliopata kumwambia mwana: “Je, mwanangu, utanisaidia katika kazi hii?” Wengi hawakuuliza, walidhani jibu limo katika damu.

Na akiisha kuingia, mwana na awe na shauri. Sura ya Al-Anbiyaa, aya ya 78 na 79, yataja hukumu ya Nabii Daud na mwanawe Sulaiman katika shamba lililoingiwa usiku na kondoo wa watu. Wafasiri wameeleza ya kwamba Daud alihukumu mwenye shamba apewe kondoo wale wawe fidia yake. Sulaiman, naye yu kijana, akaona njia nyingine: mwenye shamba akae na kondoo anufaike kwa maziwa na sufi, na mwenye kondoo alitengeneze shamba hata lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mtu arudishiwe chake. Daud akaiacha hukumu yake akaishika ya mwanawe. Mwenyezi Mungu ataja kwamba alimfahamisha Sulaiman, na kwamba wote wawili aliwapa hekima na elimu. Baba hakupungukiwa na kitu.

Je, kijana asemapo dukani, “Baba, tupokee malipo kwa simu,” hujibiwa nini? M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na twayajua maduka ambayo miaka kadhaa baadaye yalikuwa yakiwarudisha wateja kwa kuwa mzee hakuitaka. Mwana alikuwa ameyasema hayo tangu mwanzo, akanyamazishwa mbele ya watu. (Kumnyamazisha mtu mzima mbele ya wateja, kwa rai yetu, kumefunga maduka mengi kuliko kodi.)

Tumefika sasa penye jambo lililotusukuma kuandika, maana ndilo liletalo fitina nyumbani baada ya kilio. Chukueni mfano. Mtu amekufa, ameacha mke, wana watatu wa kiume na mabinti wawili. Gharama za mazishi na madeni zimekwisha kutolewa, na mali iliyobaki, nayo ni duka, ina thamani ya shilingi 6,400,000 za Kenya. Fungu la mke ni thumuni, yaani moja katika nane. Zilizobaki hugawanywa kwa watoto, mwanamume sehemu mbili na mwanamke sehemu moja. Mali yote basi huwa mafungu 64: mke mafungu 8, kila mwana wa kiume 14, na kila binti 7. Kwa shilingi, mke ana 800,000, kila mwana 1,400,000 na kila binti 700,000.

Hesabu hii ni ya Mwenyezi Mungu, haina kombo. Lakini mwana wa kwanza amekaa dukani na babaye miaka kumi na minane bila mshahara. Wa pili alikuwa Doha, akiba yake i benki. Wa tatu alisomeshwa chuo kikuu kwa fedha za duka. Siku ya mgawo wote watatu ni sawa, 1,400,000 kila mmoja. Na kwa kuwa duka haligawanyiki kama mkate, huenda likauzwa ili kila mtu apate chake, na yule wa kwanza akatoka bila kazi na bila akiba, naye ana miaka arubaini. Vijana wa mtaani wameyaona haya kwa macho yao. Wamekwisha jua ya kwamba akaaye ndiye apataye hasara. Nasi twaendelea kuuliza kwa nini hawakai!

Wako wasemao kuwa hii ni dhuluma ya sheria. Hasha. Sheria imegawa mali ya maiti kama ilivyoikuta. Kilichodhulumu ni lile neno “yote si yenu?” lililosimama mahali pa mkataba. Mwana yule alikuwa mfanyi kazi asiye na ujira uliotajwa, na mbele ya Kadhi hana cha kushika. Lau ujira wake ungalitajwa ukabaki bila kulipwa, ungalikuwa ni deni, na deni hutolewa kabla ya mirathi, kama ilivyo katika aya hizo hizo za An-Nisaa.

Wala baba asidhani ataliponya jambo hili kitandani. Wengi hungoja mpaka roho ifike kooni, ndipo wasemapo, “Duka ni la fulani.” Mtume (S.A.W.) amekwisha bainisha kwamba hapana wasia kwa mrithi; maneno hayo hayapiti ila warithi wengine wakiridhia baada ya kufa kwake. Zawadi itolewayo katika maradhi ya mauti nayo huchukua hukumu ya wasia. Hali kadhalika asimpe mmoja kwa siri akiwa mzima, akawaacha wengine. Yajulikana habari ya Nuuman bin Bashir, ambaye babaye alitaka kumpa kipawa na Mtume awe shahidi. Akaulizwa kama amewapa wanawe wote mfano wake, na aliposema la, Mtume alikataa kushuhudia, akamwamrisha kumcha Mungu na kufanya uadilifu baina ya watoto. Habari hii imo katika Bukhari na Muslim.

Njia iliyo safi haina ugumu. Ujira wa kazi si kipawa. Mwana afanyaye kazi na alipwe kama angalivyolipwa mtu baki, kila mwezi, mkononi mwake. Akitaka, sehemu ya mshahara wake na airudishe dukani iwe mtaji wake. Apokee kwanza, kisha ndipo aingize, kwani deni haliwi mtaji wa shirika katika madhehebu yetu ya Shafi; na faida na hasara zitakuwa kwa kadiri ya mali ya kila mmoja. Waandike, na mashahidi wawili watie mikono yao, kwa kuifuata aya ya 282 ya Al-Baqara. Aya hiyo ni ndefu kuliko aya zote za Qur’ani, nayo yahusu kuandikiana.

Tuseme baada ya miaka hiyo mwana amefikia kumiliki robo ya duka. Siku ya msiba robo ile, shilingi 1,600,000, ni yake na haimo katika mirathi. Zilizobaki, 4,800,000, hugawanywa kwa mafungu yale yale 64: mama apata 600,000, kila mwana 1,050,000, kila binti 525,000. Yeye aliyekaa ana jumla ya 2,650,000, na hapana ndugu awezaye kusema ameibiwa, maadamu waraka ulisomwa mbele yao wote baba yao akiwa hai. Waraka uliofichwa ni mbegu ya ugomvi kama usiokuwapo. Tena mwenye robo na fungu la mirathi aweza kuwanunulia nduguze mafungu yao kidogo kidogo, na mlango ukabaki wazi.

Tumewataja mabinti katika mgawo tu, na wasomaji wetu wa kike watatuuliza: je, sisi hujaribiwa kwa paka peke yake? Wana haki ya kuuliza. Nawawi alitaja kazi za wanawake wa zama zake. Maana yake ni kwamba kila mtu hujaribiwa kwa kazi iliyo mkononi mwake. Bibi Khadija (R.A.) alikuwa tajiri wa Makka, akiwapeleka watu na bidhaa zake hata Sham kabla ya Utume. Katika nyumba nyingi za mji wetu ajuaye nani ana deni na nani hulipa ni binti, kwa sababu yeye ndiye aandikaye vizuri, na ndiye akaaye karibu na babaye. Lakini liulizwapo swali la nani atashika kazi, hutazamwa wana wa kiume tu, hata kama wote wamekwisha safiri. Huu kwetu ni upotevu wa mali kama upotevu mwingine.

Sasa vijana nao wasikilize. Mwenye kudai mshahara na afanye kazi ya mshahara: aje kwa wakati, asichukue kitu rafuni bila kukiandika, wala asiifanye meza ya babaye kuwa mahali pa kuchezea simu. Na kijana aingiaye dukani mwezi wa kwanza akataka kubadili jina la duka, na kuwafukuza wateja wa mkopo waliokaa na babaye miaka ishirini, bado hajakijua anachokishika. Wateja wale ndio duka. Mbao na mabati yaweza kununuliwa popote. Kuaminiana baina ya mzee na watu wa mtaa hakununuliwi, hupita mkono kwa mkono kwa kukaa pamoja muda mrefu, wakimwona mwana kando ya babaye mara nyingi hata wamzoee. Na mwenye kutaka kwenda ng’ambo aende kwa radhi, wala asiitwe mwasi. Ila asiache kupeana habari za duka na babaye, maana wako waliorudi na mtaji, na ujuzi wa ghala na hesabu, wakakuta mahali pao pangali pamewekwa.

Kwa wazee wasiojua waanzie wapi, tuna shauri moja. Kila mwenye duka aliyefikiwa na nisabu ana siku yake ya mwaka ya kuhesabu zaka, na wengi wameiweka Ramadhani. Mwaka huu asihesabu peke yake. Awaite watoto wake, wa kiume na wa kike, hata yule wa miaka kumi. Wafunge mlango baada ya Alasiri. Mmoja asome bidhaa zilizo rafuni, mmoja aandike, mmoja atie bei ya siku ile, si bei iliyonunuliwa. Mizani, rafu na mkokoteni hazimo, kwa kuwa si vitu vya kuuzwa. Waongeze fedha iliyo sandukuni, iliyo benki na iliyo katika simu. Jumla ikiwa shilingi 6,400,000, zaka yake ni moja katika arubaini, yaani 160,000. Hapo mtoto ataona kwa mara ya kwanza duka la babaye lina nini ndani yake. Kisha fedha ile itakapopelekwa kwa wajane na maskini wa mtaa, baba asimtume mtumishi. Amtume huyo aliyeandika hesabu.

Mwezi ujao, inshallah, tutachapisha mfano wa waraka wa shirika baina ya baba na mwanawe, pamoja na majibu ya barua mbili zilizotufikia juu ya mke aliyetia mtaji wake katika duka la mumewe.